Kasisi si ghala la nguvu



Mwaka 1974 ulitungwa huko Marekani mchezo wa kuigiza uitwao Dungeons & Dragons, na michezo ya kompyuta iliyozaliwa nao imewafikia hata vijana wetu. Ndani yake yumo kasisi. Huyo amepewa na mungu wake idadi maalumu ya sala kwa siku: hii huponya jeraha, ile hufukuza wafu wanaotembea. Akipanda daraja huongezewa. Akizimaliza, hungoja kesho. Na mchezo hatuna ugomvi, kwani bila hesabu hauchezeki. Ugomvi wetu ni na waamini wanaoidai hesabu hiyo kanisani: padre yupi “ana nguvu”, maji ya nani “yanafanya kazi”, matone mangapi kwa ugonjwa gani.

Hapa Songea twapaswa kuwa wa mwisho kunaswa. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani ziwe maji, na Omari Kinjala akaifikisha dawa hiyo Ungoni. Ilikuwa na miiko yake, na miiko hiyo ndiyo iliyoikinga dawa isihukumiwe: aliyeuawa alisemwa kuwa amevunja sharti. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wetu walinyongwa hapahapa mjini. Hatuwacheki hata kidogo. Kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa dhuluma ya kweli, na ujasiri wao ulikuwa wa kweli. Risasi nazo zilikuwa za kweli.

Je, leo mgonjwa asipopona baada ya kununua chupa ya upako, haambiwi kwamba imani yake ni haba? Basi ni mwiko uleule, umevalishwa suti. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta. Tuwaulize wanaoyauza: hao nao walikosa sharti gani?

Mtatujibu: “Mbona nanyi mapadre mnabariki maji?” Naam, twabariki. Lakini maji ya baraka ni kisakramenti: Kanisa laomba, Mungu hutenda apendavyo, nasi twakumbushwa Ubatizo wetu. Hatumwamrishi Mungu. Hata katika sakramenti zenyewe, Mtakatifu Agustino aliwajibu Wadonati wa Afrika Kaskazini kwamba mhudumu awe mwema au mwovu, abatizaye ni Kristu. Kwa hiyo kutupanga mapadre kwa nguvu, kama wachezaji wa ligi, ni kazi bure. Naye Simoni wa Samaria alipotaka kuinunua karama kwa fedha, Petro hakumtajia bei.

Jumapili, baada ya Misa ya pili, tutabariki maji kama kawaida. Chupa moja ndogo yatosha. Madumu ya lita 20 yabaki nyumbani. Mwenye mgonjwa aarifu sakristia tumpelekee Mpako wa Wagonjwa, bila malipo, hata kama amekwisha kulazwa hospitali. Hasa kama amelazwa.