Wazazi, Twendeni Tukasome Kupiga Picha

Harusi ina mpiga picha wake. Mahafali ya chekechea yana wake, kipaimara kina wake, maulidi yana wake, na siku hizi hata msibani hakosekani kijana mwenye kamera anayelizunguka jeneza. Jumanne ya kawaida ndiyo isiyo na mtu. Mtoto anasukwa nywele barazani huku analia, mwingine amemwaga uji, babu anamwonyesha mjukuu namna ya kufunga kamba za viatu, na hakuna aliyelipwa kuja kuyaangalia hayo. Wa kuyapiga picha ni baba au mama mwenye simu mfukoni, naye, tuseme kweli, hajui kupiga picha.

Nasema hajui, wala simtukani. Simu yake imejaa picha mpaka inakataa kupokea nyingine, lakini zifungueni muone: hii imetikisika, ile imeungua kwa jua, katika nyingine uso wa mtoto umekuwa kivuli kitupu. Ndiyo maana leo nawahimiza wazazi wenzangu jambo ambalo wengi wataliona anasa: nendeni mkasome kupiga picha. Si kwa kutafuta ajira, wala kufungua studio. Muwe wanafunzi wa jioni, kwa kupenda tu, maana siku za kawaida za watoto wenu hazina mwingine wa kuzitunza.

Zamani mzigo huu haukuwa wetu. Unguja, familia ilivaa nguo za Idi ikaenda kwa Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930 baada ya kuifanya kazi hiyo katika studio ya A. C. Gomes. Mombasa walikwenda kwa N. V. Parekh, ambaye studio yake ilianza mwaka 1942, na ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kupanga taa. Picha moja kwa mwaka, pengine moja kwa miaka mitatu, ikatiwa fremu na kutundikwa ukumbini. Aliyesimama nyuma ya kamera alikuwa fundi. Leo kamera imehamia mikononi mwetu sisi, lakini ufundi haukuja nayo.

Atasema mtu: simu za siku hizi zina akili, zinapanga kila kitu zenyewe. Zinapanga, ila kwa kukisia. Chukueni asubuhi ya Idi. Mtoto amevaa kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa unaopigwa na jua. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala chokaa. Kimeundwa kuuchukulia ulimwengu, kwa wastani, kuwa wa kijivu, yaani kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikikuta weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, basi kinaupunguza. Kanzu inatoka na rangi ya maji ya kufulia, na uso wa mtoto, ambao ni mweusi na ndio uliotufanya tuitoe simu, unazama gizani. Simu mpya za bei kubwa huutafuta uso na kujisahihisha. Hizi za kipato chetu mara nyingi hukosea. Aliyekaa darasani hata wiki moja anaijua dawa: anaugusa uso kwenye kioo cha simu na kuongeza mwanga kidogo, au anamvuta mtoto upenuni, kivulini, mambo yakaisha.

Na hili la nyuso zetu lina historia inayouma kidogo. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za rangi zilipima usahihi wa rangi zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka sawasawa, kazi ilihesabiwa imekwisha. Mwenye picha ya zamani ya shule yenye mwalimu wa Kizungu katikati na aitazame tena: mwalimu huonekana hadi mikunjo ya paji la uso, na wanafunzi waliomzunguka ni vigumu kuwatambua. Kosa halikuwa la sura zao. Filamu na vipimo vyake havikuandaliwa kwa ajili yao. Basi mzazi asiyejifunza leo anaiachia mashine, iliyotengenezwa mbali na watu wasiomjua mwanawe, iamue mwanawe aonekane vipi. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko ada ya darasa.

Jua letu nalo lina masharti yake. Huku karibu na Ikweta, saa sita mchana linasimama utosini, na kila uso unapata mashimo meusi mawili mahali pa macho. Halafu jioni linazama upesi, halimngoji anayetafuta chaji. Mwalimu wa picha atawatoa nje saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, na saa za katikati atawarudisha ndani, awaonyeshe mwanga wa mlangoni: mtoto anakaa hatua mbili ndani ya kizingiti, uso kaugeuzia nje, na nyumba ya chumba kimoja inakuwa studio isiyolipiwa kodi. Atawaeleza pia kwamba mtoto anayekimbia hanaswi kwa kasi ndogo ya kamera, anataka sehemu moja ya mia tano ya sekunde au chini yake, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya zile picha zenu zenye mikono sita.

Kisha atawaamuru mpige magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika picha za watoto methali hii ni maelekezo ya kazi. Mtoto aliyepigwa picha kutoka urefu wa mtu mzima huwa kichwa kikubwa na miguu mifupi, anatazama juu kama aliyeitwa kujieleza. Shukeni hadi usawa wa macho yake mwone sura inavyobadilika.

Nayajua majibu mnayoyaandaa. Kamera ni ghali: anzeni na simu hiyo hiyo, nyingi zina sehemu ya kupanga mwanga na kasi kwa mkono. Hakuna chuo karibu: mfuateni mpiga picha wa mtaani kwenu. Kazi yake ni ya Ijumaa hadi Jumapili. Katikati ya wiki, na katika Ramadhani au Kwaresma harusi zinapopungua, atafurahi kulipwa afundishe. Huenda ni kijana mwenye umri wa mwanao. Mwite mwalimu, na akikwambia picha yako mbovu, itikia. Watoto wako wakikuona unafanya zoezi la nyumbani na kusahihishwa, hutahitaji kuwahutubia sana juu ya kusoma.

Mwingine atamtaja Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifundisha mwenyewe na bado akawa bingwa. Kweli, lakini Bakor alizipiga picha barabarani miaka mingi kabla hajafungua studio, na kila alipokosea alilipia filamu na karatasi kutoka mfukoni mwake. Hilo lilikuwa darasa lenye ada kali kuliko hili ninalowaitia.

Wapo pia watu wema wanaotushauri tuweke simu chini tuwatazame watoto kwa macho. Ni ushauri mzuri ambao sijaona anayeufuata. Mwenye kujua kazi hupiga chache. Mkanda wa filamu wa kawaida ulikuwa na picha 36. Jiwekeeni kikomo hicho kwa wiki, na mtashangaa mnavyoanza kungoja, na katika kungoja mnamtazama mtoto kuliko mlivyomtazama mwezi mzima. Mtaanza pia kujua lipi lisipigwe. Mtoto anayeoga au anayeadhibiwa si wa kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama shangazi wote watacheka.

Mkishapata nzuri, msiziache ndani ya simu. Simu inaibiwa kwenye daladala, inatumbukia ndooni, inauzwa na kumbukumbu zake. Kila mwisho wa mwezi teueni chache mzipeleke studio zichapwe, na nyuma ya kila moja andikeni jina, mahali na mwaka. Na mpeni mtoto naye simu apige. Mama ambaye ndiye mpiga picha wa nyumba huwa hayumo katika picha hata moja, na wajukuu watauliza alikuwa wapi.