Kubadilishiwa Bidhaa Si Fidia

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa kuwa na sumu ya aflatoksini kupita kiwango. Vyema. Lakini hatua ya namna hiyo humlinda atakayenunua kesho. Aliyekwisha kula hakuna anayemuuliza hali.

Na sisi wenyewe hatudai. Chaja ikilipuka au krimu ikiunguza uso, tunakimbilia dukani kubadilishiwa, kisha tunashukuru. Kumbe tumemkabidhi muuzaji ushahidi wote kwa mikono yetu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara au majeraha yaliyotokana na kasoro ya bidhaa. Bili ya hospitali na mshahara uliopotea vinadaiwa. Hata maumivu yana bei yake mahakamani.

Lile tangazo la ukutani, "mali ikishauzwa hairudishwi", lisikutishe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu mwenye duka kujivua dhamana ya ubora kwa kibandiko. Wala si lazima uwe ndiye uliyelipa. Mwaka 1932 Bunge la Malodi la Uingereza, likikaa kama mahakama, lilimruhusu mwanamke wa Scotland kumshtaki mwenye kiwanda cha soda aliyonunuliwa na rafiki yake, akidai chupani mlikuwa na konokono (konokono ambaye, kwa hakika, hakuwahi kuthibitishwa mahakamani). Mahakama zetu zinaifuata kanuni hiyo mpaka leo.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Mama aliyeugua baada ya chakula cha jioni atathibitishaje kwamba ni ule unga, na si kitu kingine? Majibu ya maabara inayo KEBS. Tunaitaka kila inapopiga marufuku bidhaa itangaze nambari za shehena na kumpa majibu hayo, bila malipo, yeyote anayedai kudhurika. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji nia tu.

Nawe msomaji, weka risiti, pakiti na kile kilichobaki. Piga picha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ripoti ya daktari uihifadhi. Dai la mauziano lisilozidi shilingi milioni moja hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na si lazima uwe na wakili. Kesi ya uzembe dhidi ya kiwanda ina muda wa miaka mitatu. Baada ya hapo, hata uwe na kovu usoni, mlango umefungwa.