Sheria ya Risasi Iletwe Barazani

Makomredi, kila mara damu inapomwagika barabarani sisi huuliza swali moja: nani alifyatua? Ni swali la haki na jibu lake ni la kortini. Ila kuna la pili ambalo hatuliulizi: kanuni alizopewa huyo afande kabla hajatoka kambini zinasemaje, na sisi wananchi tumewahi kuketi tukazijadili?

Kanuni zipo. Ziko katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Polisi aanze na njia zisizo za nguvu. Akilazimika kutumia nguvu, zilingane na kosa na hali iliyopo. Aliyevaa sare aweke jina au nambari yake mahali panapoonekana. Aliyeumizwa atibiwe bila kuchelewa na jamaa zake wajulishwe. Amri ya mkubwa si kisingizio cha kuvunja sheria. Sasa linganisha hayo na maafisa waliofunika nyuso tuliowaona kwenye maandamano ya Juni 2024. Kufikia Julai 1 mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Lakini mimi husumbuliwa zaidi na kile ambacho jedwali lenyewe linaruhusu. Mwaka 2014 Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho, na kati ya sababu za kutumia bunduki ikaongezwa kulinda maisha na mali, mradi nguvu hizo ziwe na sababu ya haki. Mali! Duka ni mali, kioo cha duka pia ni mali. Nani anapima hiyo sababu ya haki, saa nane mchana, moshi umetanda na kijana anakimbia? Julai 2025 Rais aliposema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi mguuni, wengi tulishtuka. Mimi pia nilishtuka, lakini mlango huo ulikuwa umeachwa wazi miaka 11.

Mimi nasomea ualimu, kwa hivyo acha nitoe mfano wa kwetu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Katika shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, kiboko kilikuwa bado kabatini, tena kikitumika. Kilichokituliza si waraka wa wizara. Ni wazazi waliosimama mkutanoni wakauliza kwa nini mtoto alirudi nyumbani amevimba mkono, na mwalimu mkuu akalazimika kujibu mbele ya watu. Sheria isiyo na wa kuiulizia hulala kabatini pamoja na kiboko.

Je, polisi wana mkutano kama huo? Kisheria, ndio. Kifungu cha 41 cha sheria ile ile kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mjumbe wa serikali ya kaunti anayeteuliwa naye. Ndani wamo wakuu wa polisi wa kaunti, wajumbe kutoka bunge la kaunti, na wawakilishi wa biashara, dini, wanawake, watu wenye ulemavu na vijana. Moja ya kazi zake ni kuwezesha umma kushiriki katika sera ya polisi. Muulize unayeishi naye hosteli ni nani anayekalia kiti cha vijana katika kaunti hii. Sisi tunachojua ni Nyumba Kumi, na huko habari hupanda tu: mwananchi amwambie chifu, chifu amwambie mkuu wa kituo. Hakuna kinachoshuka.

Nataka mambo matatu. Kwanza, jedwali lisomwe barazani kwa Kiswahili, aelewe mama mboga na aelewe konstebo. Pili, kila miezi mitatu polisi wa kaunti watoe hesabu mbele ya umma: risasi ngapi zilitumika, nani aliumia, nani alikufa, hatua gani ilichukuliwa. Tatu, tutoe maoni kuhusu hilo neno mali, kisha tupeleke ombi Bungeni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo.

Kuna watakaosema tayari tuna IPOA. Ni kweli, na tuiunge mkono, lakini mara nyingi faili lake hufunguliwa wakati familia inachanga pesa za mazishi. Wengine watasema polisi nao hupigwa mawe, na tukiwafunga mikono tutajuta. Naelewa, kwani karao wengi ni watoto wa majirani zetu. Lakini fikiria huyo konstebo akiamrishwa afyatue. Kesho mkubwa wake atakana, naye ndiye atakayesimama kizimbani peke yake. Kanuni inayojulikana na kila mtu humpa konstebo nguvu ya kusema, "Afande, hiyo siwezi."

Kwa hivyo ombi langu kwa viongozi wa chama chetu ni dogo. Kabla ya kupanga maandamano mengine, mwandikieni gavana barua rasmi. Ulizeni wanachama wa mamlaka hiyo ni akina nani, ilikutana lini mara ya mwisho, na kikao kijacho ni lini. Tarehe ikipatikana, twendeni tukajaze viti.