Kiingilio cha Mlangoni ni cha Nani?



Mwisho wa mwezi ukifika, mfanyakazi wa kiwandani na mwenziwe wa shambani hufanya hesabu moja: kodi ya nyumba, unga, karo ya watoto, deni la dukani. Kikibaki kitu, hata kiwe kidogo, Jumamosi usiku hutafuta mahali penye muziki. Hatuoni haya kulisema hilo. Mtu aliyesimama mbele ya mashine siku sita, au aliyechuma chai tangu alfajiri na kikapu mgongoni, ana haki ya kucheza dansi na kucheka na wenziwe. Sisi si miongoni mwa wale wanaomhubiria mfanyakazi kwamba raha ni ya matajiri peke yao.

Lakini leo twataka kuuliza jambo ambalo wengi wetu hatujapata kuliuliza. Pale mlangoni pa baa tumetoa fedha za kiingilio. Fedha hizo zimetoka katika jasho letu. Je, zinakwenda wapi? Na yule anayepiga gitaa mpaka vidole vinachubuka, analipwa nini, na nani, na kwa mkataba gani?

Ili tujibu swali hilo, na tutazame kwa jirani zetu wa kusini, Tanzania. Huko bendi nyingi za dansi zililelewa na chama cha wafanyakazi, viwanda na mashirika ya umma. Yako ya kujifunza kwao, mazuri na mabaya.

BENDI YA CHAMA CHA WAFANYAKAZI

Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliunganishwa kuwa chama kimoja, NUTA. Mwaka huo huo chama hicho kikaunda bendi yake, NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa vya chama, na wanamuziki waliajiriwa na chama wakapata mshahara wa mwezi, kama karani au dereva. Kwa mpiga muziki wa siku zile hilo lilikuwa jambo geni. Yeye alizoea kupiga usiku kucha, kisha kugawana na wenziwe kilichopatikana mlangoni. Na mvua ikinyesha, hakuna cha kugawana.

Mfano huo ukaenea. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikawa na Urafiki Jazz. Vijana wa TANU wakawa na Vijana Jazz. Shirika la Bima likawa na bendi yake, na shirika la mabasi ya mjini, UDA, likawa na yake. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao hawakubaki nyuma. Mfanyakazi wa Urafiki aliyekwenda kucheza Jumamosi aliweza kusema bila kutania: hii ni bendi ya kiwanda chetu.

NUTA ilipogeuzwa kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 ilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Baadaye wapenzi wake wakaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, akiwamo mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, walikuwa wametoka na kuanzisha Mlimani Park Orchestra, iliyopata jina lake kwa baa iliyokuwa ikipiga. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Basi mji ukagawanyika: huyu Msondo, yule Sikinde, kama walivyokwisha kugawanyika kwa Simba na Yanga.

Mashabiki walipoona mwimbaji amehama bendi, walimwita msaliti. Sisi twaona vingine. Fundi akihama kiwanda kimoja kwenda kingine kwa sababu ya mshahara, nani humwita msaliti? Kuhama kwa wanamuziki kulikuwa, mara nyingi, ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo ya kudai nyongeza.

TUSIPAMBE YALIYOPITA

Yafaa ieleweke kwamba hatusemi siku zile zilikuwa peponi. La hasha! Mshahara wa mwanamuziki haukuwa wa kumtajirisha. Bendi ilitazamiwa kuimba sifa za chama na serikali, apende asipende mtunzi. Vyombo vilikuwa vya shirika, na aliyeondoka baada ya miaka mingi ya kazi aliondoka mikono mitupu, gitaa likibaki ukumbini.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa vyama zaidi ya yote. Mpiga tarumbeta wa NUTA Jazz akidhulumiwa, angepeleka wapi malalamiko yake? Kwa chama cha wafanyakazi. Na mwajiri wake alikuwa nani? Ni chama hicho hicho. Mwenye kesi na hakimu walikuwa mtu mmoja. Chama kikiwa mwajiri, kisisahau kwamba walioajiriwa nacho wanahitaji mtetezi mwingine.

Hata hivyo, kitu kimoja kilikuwapo ambacho siku hizi ni adimu: mwanamuziki alijua tarehe ya mshahara wake. Akiugua, hakufutwa usiku ule ule. Mvua ikinyesha Jumamosi, watoto wake hawakulala njaa Jumapili.

BIA YA BAA, MLANGO WA BENDI

Katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma ya Tanzania yaliuzwa au yalifungwa. Bendi nyingi zikakosa mlezi. Nyingine zilikufa, nyingine zikajiendesha zenyewe, nyingine zikaingia mikononi mwa watu binafsi wenye vyombo. Na katika kazi hii, ndugu msomaji, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Magitaa, vipaza sauti na spika ndiyo mashine za kiwanda hiki. Mwimbaji ana koo lake tu, kama vile kibarua alivyo na mikono yake tu.

Mapatano yaliyozoeleka katika baa nyingi, Dar es Salaam na kwingineko, ni haya: bia ni ya mwenye baa, mlango ni wa bendi. Ukiyasikia, yaonekana ni ya haki. Na tuyapige hesabu kwa mfano wa kubuni.

Tuseme wameingia watu 200, na kiingilio ni shilingi 5,000 za Tanzania. Mlango umepata shilingi 1,000,000. Mwenye vyombo anachukua nusu, 500,000. Gari la kubeba vyombo, matangazo na walinzi wa mlangoni, 200,000. Zimebaki 300,000. Bendi ina watu kumi na watano. Kila mmoja anapata 20,000 kwa kupiga tangu saa tatu usiku hadi saa nane, bila kuhesabu mazoezi ya mchana ambayo hayalipwi na mtu.

Hiyo ni siku njema. Sasa tuseme mvua imenyesha, wameingia watu 60. Mlango umepata 300,000. Mwenye vyombo amechukua nusu yake, 150,000, na gharama za gari na walinzi bado ni zile zile 200,000. Bendi imepiga usiku kucha na inadaiwa 50,000.

Na upande wa pili wa ukumbi? Katika ile siku njema, watu 200 wakinywa chupa tatu tatu ni chupa 600. Ni nani aliyewavuta waje wanywe? Si kaunta. Ni muziki. Bendi imemletea mwenye baa wateja, na katika faida ya wateja hao haina hata senti. Hatumchukii mwenye baa. Naye ana kodi, leseni na wahudumu wa kulipa. Twasema tu kwamba hasara ya usiku wa mvua anaibeba mnyonge peke yake, na faida ya usiku mwema haimfikii.

Wako watakaosema: mbona mashabiki huwatunza waimbaji? Ni kweli. Lakini noti anayobandikwa mwimbaji kwenye paji la uso haifiki kwa mpiga tumba aliyekaa nyuma gizani. Tena tunzo ni hisani, na hisani haijawa mshahara. Mfanyakazi wa kiwanda angekubali kulipwa kwa kubandikwa noti na wapita njia?

NA HUKU KWETU JE?

Msomaji wa Kenya asicheke akidhani hayo ni ya jirani tu. Muziki wa dansi haukujua mpaka. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, walifika Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika ikachezwa kote nchini kwa Kiswahili. Mwaka 1978 wengine wakatoka humo wakaanzisha Les Wanyika. Bendi za Tanzania nazo zilizitegemea studio na viwanda vya sahani vya Nairobi, kwa kuwa kwao hakukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Hata mpaka ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, nyimbo hazikufungwa. Wafanyakazi wa pande zote mbili waliendelea kuzisikia redioni.

Lakini wageni hao, kama wenzao waliotoka Kongo, walifanya kazi yao wakiwa na hofu ya kibali. Mtu asiye na kibali hawezi kugombana na mwenye ukumbi. Ukimwambia malipo hayatoshi, anakuonyesha mlango, au anakutishia polisi.

Na mwaka 2020 tuliona kwa macho yetu. Baa za Kenya zilifungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Septemba kwa sababu ya korona. Wafanyakazi wengi waliumia, hapana shaka. Ila wale wenye mkataba walikuwa na mwajiri wa kudaiana naye. Mpiga gitaa wa baa angemdai nani? Kwenye karatasi hakuwa mwajiriwa wa baa, wala wa mwenye vyombo, wala wa mtu yeyote. Wako waliouza magitaa yao ili wapate unga. Mfanyakazi anapouza jembe lake, msimu ujao atalima kwa nini?

TUFANYE NINI?

Maoni yetu ni haya.

Kwanza, pawe na mkataba wa maandishi kati ya bendi na baa, wenye kutaja siku za kupiga, saa za kazi, na kima cha chini ambacho bendi italipwa hata mvua ikinyesha. Kima hicho kitoke kaunta, maana ndiko faida ya muziki inakoingia.

Pili, hesabu ya mlango ifanywe mbele ya mtu aliyechaguliwa na wanamuziki wenyewe, usiku ule ule, kabla gari la vyombo halijaondoka.

Tatu, wanamuziki waweke akiba ya pamoja wanunue vyombo vyao. Wafanyakazi wa mashambani mmejenga vyama vya akiba na mikopo kwa shilingi ndogo ndogo; mwajua kwamba jambo hili lawezekana. Bendi yenye vyombo vyake ina neno mbele ya mwenye ukumbi.

Nne, wajiandikishe katika mfuko wa akiba ya uzeeni. Koo huchoka kama mgongo unavyochoka, na tumezika waimbaji wengi mashuhuri kwa michango ya hisani.

Tano, na hili ni letu sisi vyama, tuanze na nyumba yetu. Kila Mei Mosi twaita bendi ituchezeshe baada ya maandamano. Je, twawalipa kwa mkataba? Twawalipa siku ile ile, au twawaambia warudi wiki ijayo kwa mhasibu? Chama kinachomdai mwajiri alipe kwa wakati, kisha chenyewe kikamcheleweshea mpiga besi, kitatazamwaje?

Mwenye baa atasema: mkinibana hivyo, nitaleta mashine ya kupiga muziki na kijana mmoja wa kuibonyeza. Tisho hilo si la mzaha, na baa nyingi zimekwisha kufanya hivyo. Lakini tusisahau nani mteja. Ukumbi unajazwa na sisi, watu wa kiwandani na wa shambani. Tukienda kumi kumi kwenye baa inayolipa bendi yake kwa haki, na kuipita ile isiyolipa, mwenye baa atajifunza hesabu upesi kuliko tukimhutubia mwaka mzima.

Basi Jumamosi ijayo, ndugu mfanyakazi, ukifika mlangoni na noti mkononi, uliza kwa heshima: bendi inalipwa namna gani hapa? Ukijibiwa vizuri, ingia ucheze. Ukifukuzwa, umekwisha kupata jibu.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Wanamuziki hawa wamecheza kwetu miaka mingi. Tuwatunze kwa mkataba.