Mgeni Tumempa Jembe Kabla ya Maji

Simu ya makamu mwenyekiti ilipotea katikati ya sherehe ya somo wa jumuiya yetu, Mtakatifu Antoni wa Padua. Mbuzi alishaingia sufuriani, akina mama wamependeza na kitenge cha sare chenye picha ya Antoni amembeba Mtoto Yesu, spika inakoroma. Mtu akapaza sauti: "Jamani, si leo ni siku yake? Tumwombe!" Tukasimama, tukasali. Kijana mmoja, ambaye kwa maoni yangu alistahili naye sifa kidogo, akaipigia ile simu, ikaita ndani ya beseni la vitunguu. Vigelegele. Mshereheshaji akatangaza kwamba Antoni hajawahi kushindwa.

Mimi ndiye katibu. Kwenye daftari la mahudhurio niliandika mbele ya jina la mama mmoja: hayupo, hajatoa mchango wa sare. Nilijua kwa nini hayupo. Mtaa mzima ulijua. Alikopa kwa wale tunaowaita kausha damu, marejesho yakamshinda, na vijana wa mkopo wakawa wanapita kwake asubuhi na jioni. Siku mbili baada ya sherehe walibeba friji yake, ile anayouzia barafu na juisi ya ukwaju. Hakuna aliyesema tumwombe Antoni. Friji haikuwa imepotea, ilijulikana iliko.

Wakatoliki wengi tunaishi kana kwamba mbinguni kuna jengo lenye madirisha ya huduma. Dirisha la Antoni, vitu vilivyopotea. La Yuda Tadei, mambo yaliyoshindikana. La Rita wa Kashia, ndoa. Mwenye mfupa kooni aende kwa Blasi, msafiri kwa Kristofa. Unachagua dirisha kufuatana na shida yako, unawasha mshumaa, unasali novena siku tisa. Ukijibiwa unatoa shukrani kanisani, usipojibiwa unahamia dirisha la jirani. Mwaka 1969, Papa Paulo VI alipoipanga upya kalenda ya watakatifu, Kristofa aliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima na kuachiwa kalenda za mahali. Hakufutwa utakatifu. Lakini nimewahi kumsikia mzee wa kigango akisema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba Kristofa "alistaafishwa". Neno hilo linatosha kueleza tulikuwa tunamwona nani: ofisa wa usafirishaji.

Imani hii ya madirisha ni potofu, na inaumbuliwa na karatasi iliyobandikwa ukutani katika sakristia zetu zote, yaani kalenda ya liturujia.

Sipingi maombezi. Litania ya watakatifu nikiisikia usiku wa Pasaka mwili hunisisimka, na nikiwa na shida nami huita majina. Ndugu zetu walokole wanatushutumu kwamba tunawaabudu watakatifu, na mimi nadhani wanatupa heshima tusiyostahili. Nani anamwabudu karani? Karani unamsalimia kwa adabu, unaeleza shida yako, unaondoka. Hata jina lake la ukoo hulijui.

Kalenda haikuulizi una shida gani. Inaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, inamalizika na juma la Kristo Mfalme, na katikati hapo, karibu kila siku, inakuletea mtu ambaye hukumwita, mara nyingi tarehe ileile aliyofariki. Desturi hiyo ni ya kale. Wakristo wa Smirna, karne ya 2, walipoiokota mifupa ya askofu wao Polikarpi aliyeuawa, waliazimia kukutana kila mwaka na kuiadhimisha siku ile kama siku ya kuzaliwa kwake. Hawakukutana ili kuomba mvua wala kazi. Walikutana kuwakumbuka waliokwisha kupambana na kuwaandaa ambao zamu yao ilikuwa inakuja.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apate. Mgeni anakaribishwa, anapewa maji, anaketi, anaulizwa habari za atokako, na katika habari hizo mwenyeji anapona ujinga wake, upweke wake, au kiburi chake. Halafu kuna ile nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi watakatifu tunawapa jembe siku ya kwanza, hata maji hawajanywa. Antoni anafika tarehe 13 Juni, bado amesimama mlangoni, tunamwambia: afadhali umekuja, funguo za gari hazionekani.

Tena kalenda ina utundu wake. Tarehe 26 Desemba, redio ikiwa inatutakia heri ya siku ya kufungua zawadi na pilau la jana likiwa linapashwa moto, inamleta Stefano, aliyepigwa mawe hadi kufa. Siku mbili baadaye inawaleta watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Nani angewachagua wageni hao kwa juma la Noeli? Ingekuwa hiari yetu, tungewaalika wale wanene, wenye mashavu ya kucheka.

Sasa huyo Antoni mwenyewe. Alizaliwa Lisbon, Ureno, akabatizwa Fernando. Alikuwa msomi katika shirika lenye heshima zake hadi mwaka 1220, yalipopita katika mji alikokuwa akiishi masalia ya ndugu Wafransisko waliouawa Moroko. Akahamia kwa Wafransisko ili naye aende akafie Afrika. Alifika, akaugua, na chombo cha kumrudisha kikasukumwa na upepo hadi Sisilia. Ndiyo kusema mtu tunayemwita mtafutaji wa vilivyopotea, yeye mwenyewe alipotea njia, akafika asikokwenda, akaanzia hapo. Hadithi iliyompa kazi ya kutafuta inasema mnovisi mmoja alitoroka na kitabu cha Zaburi cha Antoni, chenye maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya kufundishia. Antoni akasali, kijana akarudi na kitabu. Sisi tumekumbuka kitabu tu. Kijana aliyerudi hatumtaji kabisa, na nahisi ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Kwaresima ya mwaka 1231 alihubiri Padua kila siku. Mji ule ulikuwa umebanwa na wakopeshaji wa riba, na mdaiwa aliyeshindwa kulipa alitupwa gerezani. Mwezi Machi mwaka huohuo wakuu wa mji wakapitisha sheria, nayo ikaandikwa wazi kwamba ni kwa ombi la ndugu Antoni: asiyeweza kulipa deni achukuliwe mali, asichukuliwe yeye. Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Juni, akafariki, hajafikisha hata miaka 40. Inasimuliwa pia kwamba alipohubiri kwenye mazishi ya tajiri mmoja wa riba alisema moyo wa marehemu haumo kifuani, uko pamoja na hazina yake. Watu wakaenda kufungua sanduku la fedha, wakaukuta humo. Hiyo ni hadithi, iamini utakavyo. Ila utaona alikuwa akitafuta vitu vya namna gani.

Mtu huyo ndiye tuliyemtuma kwenye beseni la vitunguu, wakati nyumba ya tano kutoka pale mwanamke amejifungia ndani, anachungulia dirishani kama pikipiki ya mkopo imeondoka.

Mfano mwingine, huu unatuhusu zaidi. Tarehe 8 Februari kalenda inamleta Yosefina Bakhita. Parokia nyingi ninazozijua zinampitisha kimyakimya, kwa kuwa ni kumbukumbu ya hiari na, nadhani, kwa kuwa hatujampatia dirisha. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, jina la Kiarabu la mwenye bahati, na neno lenyewe ni ndugu wa hii bahati yetu. Jina alilopewa na mama yake alilisahau. Alichanjwa mwilini kwa wembe, chale 114, zikasuguliwa chumvi ili zisifutike. Akauzwa mara kadhaa, mwishowe akafikishwa Italia, akawa yaya katika nyumba ya watu. Yule bibi mwenye nyumba alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita alikataa kutoka nyumbani mwa masista alikokuwa akifundishwa dini. Kesi ikaenda mbele ya wakubwa wa Venice, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo yuko huru. Akaingia utawa, akawa mpishi na bawabu huko Schio mpaka kifo chake mwaka 1947.

Yaya aliyekataa kuondoka. Haya, mtaani kwetu kuna wasichana wangapi waliopelekwa Ghuba na mawakala kufanya kazi za ndani? Wanaorudi wanasimulia: pasipoti inachukuliwa siku ya kwanza, simu inachukuliwa siku ya pili. Hata jina, dada mmoja aliniambia, alibadilishiwa na mwenye nyumba kwa sababu lake lilimshinda kulitamka. Kanisa limeifanya tarehe 8 Februari siku ya kuombea waathirika wa biashara ya binadamu. Sisi siku hiyo katika kundi letu la WhatsApp tulirushiwa picha yake yenye maua na maneno "Mtakatifu wa leo, utuombee", wakajibu watu kumi na wanne kwa alama ya mikono iliyofumbatwa. Dada niliyemtaja yumo kwenye kundi hilo. Hakuna aliyemwuliza chochote, na mimi mmojawapo.

Hata Mashahidi wa Uganda, watu wa kwetu kabisa, tunawageuza. Tarehe 3 Juni mapadre wanavaa nyekundu, mahujaji wengine wametembea kwa miguu majuma mazima kwenda Namugongo, na ni jambo zuri. Lakini waulize wangapi wanajua kwamba Yosefu Mukasa Balikuddembe, wa kwanza kati ya wale Wakatoliki 22, aliuawa Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kumuua James Hannington. Hannington alikuwa askofu wa Kianglikana. Mkatoliki aliuawa kwa kusema kweli juu ya damu ya Mprotestanti, nyakati ambazo pande hizo mbili hazikupendana hata kidogo. Je, huyu tumpe dirisha gani?

Mama yangu mdogo, ambaye kwa sala simfikii hata magotini, alinisikia nikilalamika hivi akanikatiza. "Mfa maji haachi kutapatapa, mwanangu. Wewe unataka asishike hata unyasi?" Nilinyamaza, kwa sababu yeye aliwahi kukesha majuma matatu kando ya kitanda cha mtoto hospitalini, na rozari na kipicha cha Yuda Tadei ndivyo vilivyomshikilia. Simnyang'anyi mtu kipicha chake. Anayezama ashike anachokipata, na naamini huko juu wapo wanaomshika mkono.

Ila mama mdogo, hatuzami wote kila siku. Siku nyingi wengi wetu tuko ufukweni, tumekauka, tumeshiba, na kamba iko mkononi mwetu. Kalenda inakuja kila asubuhi kwa ajili ya watu hao hasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema jambo hili mwaka 1964: heshima ya kweli kwa watakatifu haipimwi kwa wingi wa matendo ya nje, inapimwa kwa upendo unaotenda. Tumelisoma, tumelipigia makofi kwenye semina, tumerudi foleni.

Katika jumuiya yetu, Jumamosi alfajiri, kuna kipengele kinaitwa wasifu wa mtakatifu. Kimepangiwa dakika tano. Sijawahi kukiona kikifika mbili, maana nyuma yake kuna matangazo ya michango, na mweka hazina akisimama hakuna mtakatifu anayemsimamisha. Juni ile nilikuwa na wasifu wa Antoni mfukoni, ukurasa mzima, wenye habari za Padua na wadaiwa. Niliusoma mistari mitatu: kuzaliwa, kufariki, kutangazwa mtakatifu. Mshereheshaji aliniashiria mkono, chakula kilikuwa kinapoa.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa yule mama na daftari langu, kumweleza kwamba deni la sare tumelifuta. Nilijiona mkarimu kweli. Alinikaribisha, akanipa maji ya uvuguvugu, akaniomba radhi kwamba siku hizi hayana ubaridi. Pale friji ilipokuwa pamebaki alama nne za miguu yake kwenye saruji.

"Siku ya somo ulitukosa, mama," nikasema. "Simu ya makamu ilipotea. Tulimwomba Antoni, ikaonekana palepale."

"Nilisikia vigelegele," akasema. "Hata mimi siku ile nilimwomba, katibu, tena kwa machozi. Lakini mimi nilimwomba anifiche."