Unakula na Nani? Swali Linalokosekana Kliniki

Mgahawa mpya unapofunguliwa mtaani, habari zake huenea kabla rangi ya ukutani haijakauka. Iwe Sinza, Tabata au Mbagala, mandhari ni yale yale: viti vya plastiki vimepangwa barazani, jiko la mkaa linafuka moshi kando ya mlango, na bei zimeandikwa kwa chaki ubaoni. Mwenye rafiki humwita rafiki yake wakajionee. Mwaliko wa namna hiyo humpa mtu zaidi ya shibe, kwa kuwa humhakikishia kwamba angali anahesabiwa miongoni mwa wenzake.

Wachukuliwe kwa mfano marafiki wawili wanaofanana na wengi. Mmoja ni karani mstaafu anayetumia insulini ya mchanganyiko kutibu kisukari. Mwenziwe ni fundi cherehani ambaye hajapata kuambiwa habari hiyo. Karani hakumficha kwa nia mbaya. Anaona haya kujidunga sindano mbele ya watu, na anachelea kuonekana mzigo. Kwa hiyo hujidunga nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, akitaraji kula baada ya nusu saa kama alivyofundishwa. Kumbe barabara ina foleni, mgahawa umefurika wateja, na kuku huchomwa baada ya kuagizwa. Saa mbili usiku sahani bado haijafika mezani. Karani anatokwa jasho, mikono inamtetemeka, na maneno yanaanza kumpotea. Fundi anamtania: "Mzee mwenzangu, ulipitia wapi kabla ya kuja huku?"

Mhudumu wa afya yeyote angetambua kwamba sukari ya damu inashuka. Fundi anadhani mwenzake amelewa. Umbali kati ya tafsiri hizo mbili unaweza kuwa umbali kati ya uhai na mauti, na kilichozitenganisha ni taarifa moja ambayo haikutolewa. Soda ilikuwa mezani tangu mwanzo. Hakuna aliyejua kwamba wakati huo ilikuwa dawa.

Mfano huu unafichua pengo lililomo katika elimu ya afya. Kliniki za kisukari na shinikizo la damu humuuliza mgonjwa anakula nini, mara ngapi na kiasi gani. Ni nadra aulizwe anakula na nani. Ushauri wa lishe hutolewa kana kwamba kila mgonjwa hupika chakula chake, hukipakua mwenyewe na kukila peke yake chumbani. Maisha hayako hivyo. Watu hula harusini, msibani, kwa mama lishe wakati wa kazi, na sasa katika migahawa inayochipuka kila mtaa. Penye meza kuna mtu wa pili, na mtu huyo huamua mengi: saa ya kula, kinachoagizwa, na neno litakalosemwa sahani inaporudishwa ikiwa na chakula.

Neno hilo linajulikana na wengi: "Kula bwana, siku moja haiui." Hutamkwa kwa upendo, na hiyo ndiyo sababu ni vigumu kulikataa. Mgonjwa aliyekatazwa tu, bila kufundishwa namna ya kukaa mezani na wenzake, hubaki na njia mbili. Ya kwanza ni kujitenga, akikataa mialiko hadi mialiko yenyewe ikome. Ya pili ni kula kila kitu kisha kunyamaza kliniki. Wapo wanaojinyima chakula siku chache kabla ya kupimwa ili namba ipendeze. Kipimo cha sukari cha asubuhi moja hudanganyika kwa namna hiyo, ingawa kile cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa takriban miezi miwili hadi mitatu, hakidanganyiki kirahisi. Aidha, daktari anayepanga dozi kwa kutegemea maelezo yasiyo ya kweli anaweza kuongeza dawa mahali ambapo hapakuhitajika dawa zaidi. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi aliyemfundisha mgonjwa kuficha ni mtoa ushauri aliyekuja na makatazo matupu.

Wako watakaosema kwamba njia salama ni kumzuia mgonjwa asile nje kabisa. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Chakula cha mgahawani aghalabu huwa na mafuta na chumvi nyingi, na viungo vya vipande vinavyotiwa kwenye mchuzi huongeza chumvi isiyoonekana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Hata hivyo, katazo lisilofuatwa halimlindi mtu. Maarifa machache yanayotumika mezani yana faida kubwa kuliko hotuba ndefu inayosahauliwa langoni mwa hospitali.

Maarifa hayo yanaeleweka kwa urahisi. Nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, kabichi au kachumbari. Robo iwe samaki, kuku au maharage. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au ndizi. Sahani ya chipsi inaweza kugawanywa kwa wawili. Chumvi ya kuongeza iondolewe mezani. Maji yatangulie soda, kwa kuwa chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari. Anayetumia insulini inayodungwa kabla ya mlo aibebe, na asijidunge hadi awe na hakika kwamba chakula kitafika kwa wakati unaolingana na aina ya insulini yake. Anayetumia vidonge kama glibenklamaidi naye ajue kwamba kuchelewesha au kuruka mlo kunaweza kushusha sukari, na kwamba pombe huongeza hatari hiyo.

Rafiki naye ana somo lake fupi. Akiona jasho la ghafla, kutetemeka, hasira zisizo na sababu au kuchanganyikiwa, na mwenzake angali ana uwezo wa kumeza, ampe nusu glasi ya soda yenye sukari au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Soda isiyo na sukari haifai hapo. Baada ya dakika 15, kama hali haijatengemaa, arudie. Ikitengemaa, chakula kifuate. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani, bali alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali.

Ni kweli kwamba siri ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Muuguzi hana ruhusa ya kuitangaza, wala mgonjwa halazimiki kuitangazia meza nzima. Mtu mmoja anayeaminika anatosha. Kazi ya mhudumu wa afya ni kumsaidia mgonjwa kumchagua mtu huyo na kumpa maneno ya kuanzia. Foleni za kliniki ni ndefu na wahudumu ni wachache, lakini swali la "unakula na nani?" halihitaji mashine wala bajeti. Jibu lake laweza kuandikwa katika daftari la kliniki kando ya namba za sukari, na mtajwa akaribishwe siku moja kusikiliza.

Kama hayo yangefanyika, jioni ile ile ingekwenda vingine. Fundi angemwuliza mhudumu wa mgahawa mapema chakula kitachukua muda gani. Karani angesubiri na sindano yake mfukoni. Kuku angefika saa mbili, kachumbari ingejaa nusu ya sahani, na chipsi moja ingeliwa na wawili. Dalili zingetokea hata hivyo, fundi angeshika soda badala ya kucheka. Bili ingelipwa, na marafiki hao wangeagana mlangoni wakipanga kurudi mwezi ujao.