Lady: Mkandaji wa Mkate

Kila Mwingereza anapofungua hotuba kwa kusema "Ladies and gentlemen", nasi tukafasiri "Mabibi na mabwana", neno lake la kwanza linanukia unga.

Katika Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita neno hilo lilikuwa "hlæfdige". Sehemu ya kwanza, "hlaf", maana yake ni mkate. Ya pili yatokana na shina la kukanda, ambalo ndilo lililozaa pia "dough", yaani unga uliokandwa. Lady, basi, alikuwa mkandaji wa mkate. Na bwana wa nyumba je? Huyo aliitwa "hlafweard", mlinzi wa mkate, ambaye leo ni "lord". Mtumishi wao naye aliitwa mla mkate! Mmoja akanda, mwingine alinda, wengine wala. Ni nani aliyesaga nafaka na kuchanja kuni, majina hayo hayasemi.

Baadaye cheo kilipanda, kazi ikasahauliwa. Hata Bikira Maria alipewa jina hilo, na tarehe 25 Machi ikaitwa "Lady Day". Hadi 1751 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianzia siku hiyo. Katika majumba ya wakubwa, lady akawa ni yule bibi ambaye vidole vyake havigusi unga kabisa. Mwanamke aliyebaki jikoni akiukanda mkate uleule hakuitwa tena lady. Aliitwa mpishi.